Fundi wa sevo pale Mwembe Tayari: kazi safi, gundi mbovu

Jamaani hili swali la nani hapa Mombasa anaweza kufunga sevo za dijitali (sevo ni vile vimota vidogo vinavyochezesha vipande vya bawa na mkia) kwenye ndege ya rimoti limeulizwa mpaka limechosha, na kila mara jibu ni "agiza Nairobi", kana kwamba sevo ikishashuka kwenye basi la usiku itajifunga yenyewe kwenye bawa. Mimi ndege yangu nimeipeleka kwa mzee mmoja hapo Mwembe Tayari, kwenye vile vichochoro vya nyuma ambako watu hupeleka redio na spika, jina lake silitaji sababu sijamuomba ruhusa, lakini ukiuliza "yule mzee wa videge" utaonyeshwa. Nawapa maoni yangu yote, mazuri na yale yaliyoniudhi, manake nimelipa pesa yangu na sidaiwi na mtu.

Kwa wavivu wa kusoma: kazi ya mikono nyota 5, upande wa umeme nyota 5, kumpata kwa simu nyota 2, gundi yake haina hata nyota moja. Wengine tuendelee.

Ndege yenyewe ni ya foamu, bawa lina upana wa mita 1.4, mota moja puani, betri ya LiPo (lithiamu ya kuchaji) ya seli 3, na rimoti ni FlySky FS-i6, ile ambayo nusu ya wanaoanza wanayo. Ilikuja na sevo za SG90, za analogi, vile vidude vya bluu vya gramu 9 vyenye gia za plastiki ambavyo wanafunzi huvitia kwenye roboti zao za Arduino. Kwa kujifunzia havina neno, nguvu yake ni kama kilo 1.8 kwa sentimita (yani kwa mkono wa sentimita moja, mkono ukirefuka nguvu inapungua) ukikipa volti 4.8, na hata kikifa hulii. Shida yake ni kurudi katikati. Waachilia stiki, eleroni, kile kipande cha nyuma ya bawa kinachoilaza ndege kulia ama kushoto, inarudi karibu na katikati lakini si katikati penyewe, mara hii kulia kidogo mara ile kushoto kidogo, na asubuhi ikiwa shwari hata huoni, lakini kusi likikaza ile miezi ya kati ya mwaka ndege inayumba na wewe unakimbizana nayo na trimu, vile vitufe vya rimoti vya kusogeza katikati, mpaka betri inaisha. Bas nikanunua Emax ES08MD, za dijitali, gramu 12, gia za chuma, nne kwa mpigo: mbili za eleroni, moja ya eleveta (kipande cha mkia cha kupandisha na kushusha pua), moja ya usukani wa mkia.

Hapa nisimame kidogo sababu kuna watu wanadhani dijitali maana yake ina nguvu zaidi basi. Hapana. Kwa nje zafanana, waya tatu zile zile, na risiva, kile kipokezi cha ndani ya ndege, inaituma ishara ile ile, mdundo wa maikrosekunde 1000 mpaka 2000 hivi, katikati ni 1500, na mdundo huo unarudiwa mara 50 kwa sekunde. Tofauti iko ndani. Ya analogi inaisukuma mota yake kwa mwendo huo huo wa mara 50 kwa sekunde, sasa kama mkono umekosea kidogo tu mota inapewa kijisukumo kifupi alafu inangoja tena, ni kama hamali anayesukuma mkokoteni kwa kuupiga kikumbo na kupumzika, kikumbo na kupumzika, kwenye mteremko utamrudia. Ya dijitali ina kichip ndani kinachoisukuma mota mara 300 kwa sekunde ama zaidi, kwaio hata ikikosea unywele inasukumwa papo hapo mpaka irudi, na upepo ukiisukuma inashika. Ndo maana ukiizungusha kwa mkono ikiwa imewashwa yasikika ngumu tangu mwanzo, na ndo maana inalialia ule mlio mwembamba kama mbu. Lakini kila kitu kina bei yake, inakula umeme zaidi, na ikikutana na kitu kinachoizuia haikati tamaa, itasukuma mpaka ipate moto.

Hio ya mwisho ndo sababu ya kumtafuta fundi.

Nilipofika nilidhani atachomoa za zamani na kutia mpya, nikae nipige kahawa yangu nipewe ndege niondoke. Wapi. Mzee zile mpya hakuzigusa hata, alizisukuma pembeni na kikasha chake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kung'oa propela, bila hata kuniuliza, akaiweka mezani mbele yangu niione. Hapo tu nikajua huyu mtu anajua. Mota ya umeme haina huruma na vidole na watu wengi wanaseti sevo na propela ikiwa pale pale imefungwa, alafu mtoto anakuja kugusa stiki.

Alafu akafungua vile vijiti vya chuma vinavyotoka kwenye sevo kwenda kwenye eleroni, akaanza kuzichezesha eleroni kwa kidole kimoja, juu chini juu chini, macho yake yako dirishani anaangalia mambo mengine kabisa. Ya kushoto ikamridhisha, ya kulia akaikunjia uso.

"Mwanangu, hii bawaba ngumu."

Nikamwambia, "Lakini mzee si ndo nimenunua dijitali? Nguvu iko."

"Nguvu ya kupigana na nani? Na upepo ama na bawaba yako mwenyewe?"

Sina jibu hapo. Akachukua kisu akapitisha kwenye ule mstari ambapo foamu imejikunja, akaikunja kunja kwa mkono kama mara ishirini hivi, ikalegea. Maelezo yake ni kwamba sevo ya analogi ikikuta bawaba ngumu inakosa katikati na kunyamaza, lakini ya dijitali haikubali kukosa, itabaki inalia pale inasukuma na kuvuta hata ndege ikiwa imetulia mezani, na umeme unaenda bure. Na akanipa kipimo rahisi ambacho naona kila mtu akishike: ukiwasha na usikie sevo inalia bila kuacha, ifungue kile kijiti. Ikinyamaza, kosa liko kwenye bawaba ama kijiti kinakwaruza mahali. Isiponyamaza, ni sevo yenyewe.

Sasa hapa ndo aliponishinda kabisa. Kabla ya kutia za dijitali aliiacha kwanza ile SG90 ya zamani ya eleveta lakini akabadilisha matundu. Nani anajali matundu? Mkono wa sevo una matundu manne matano, pembe ya eleveta, kile kijibati kinachoshikwa na kijiti upande wa pili, nayo ina yake, na ile ndege ilivyokuja kijiti kilikuwa kimetiwa tundu la nje kabisa la mkono wa sevo na tundu la ndani kabisa la pembe, manake hivyo eleveta inachezea sana na mtu akiona inachezea sana anafurahi. Alafu ndege inakuwa kali, unapunguza mwendo wa sevo kwenye rimoti mpaka asilimia 40, na unasema tayari nimeseti. Mzee alifanya kinyume chake: ndani kwenye sevo, nje kwenye pembe, na rimoti akairudisha asilimia 100.

Hesabu ni hii na mtu yoyote aweza kuipiga. Sevo ya kilo 2 kwa sentimita, ukiishika tundu lililo milimita 16 kutoka katikati inasukuma kwa kilo 1.25. Ukiishika tundu la milimita 8 inasukuma kwa kilo 2.5. Sevo ile ile, pesa ile ile, nguvu mara mbili. Alafu kuna ulegevu, kila sevo ina ulegevu kidogo kwenye gia zake, sasa ukitumia asilimia 40 tu ya mwendo wake ulegevu ule ule unakuwa sehemu kubwa mara mbili na nusu ya mwendo wako, ukitumia mwendo wote unakuwa kitu kidogo. Na eleveta yenye ulegevu ndege ikiongeza kasi inaanza kutetemeka yenyewe, ule mtetemeko ukishaanza hewani unaweza kuing'oa bawaba kabla hujajua umepatwa na nini.

Na ile SG90 ikarudi katikati. Ile ile ya bluu niliyokuwa naitukana. Si mia kwa mia, lakini ukilinganisha na mwanzo ilikuwa sevo nyengine. Nikamuuliza mzee sasa hizi nilizonunua za nini, akacheka akasema "hizo ni za kumalizia". Wallahi nilimchukia kidogo. Lakini ndo ukweli wenyewe na ndo sababu naandika maneno mengi hivi: yale mnayosikia watu wakisifu kwamba walitia dijitali na ndege ikabadilika, kubwa lake lilikuwa kwenye matundu na bawaba, na walilipata siku ile kwa sababu ndo siku ya kwanza mtu aliifungua ile ndege na kuifunga upya.

Haya, zikaja zenyewe. Sevo aliichomeka kwenye risiva ikiwa haina mkono, akahakikisha trimu zote za rimoti ziko sifuri na zile trimu ndogo za ndani ya menyu nazo sifuri, akaiacha ijiweke katikati, ndo akatia mkono. Mkono unatakiwa usimame nyuzi 90 kwa kile kijiti, na hapa kuna kero sababu ule mkono unakaa kwenye meno ya ekseli ya sevo, na meno hayakubali popote utakapo. Zile sevo kubwa za mtindo wa Futaba zina meno 25, yani jino moja ni nyuzi 14.4, ukikosa unakosa kwa mbali. Wengi wanatia karibu karibu na kurekebisha kwa trimu. Yeye anatumia ule mkono wenye ncha nne, anajaribu ncha moja, anazungusha anajaribu ya pili, ya tatu, manake 25 haigawanyiki kwa 4 kwaio kila ncha inaangukia robo ya jino tofauti, nyuzi 3.6 tu. Anapata ile iliyo karibu zaidi na tisini, zile ncha tatu anazikata na koleo. Hizi ndogo zangu meno yake ni mengine lakini mchezo ni ule ule. Mimi nimekuwa nikizitupa zile ncha nne miaka yote, natumia ya ncha moja sababu yapendeza.

Kilichobaki kikarekebishwa kwenye urefu wa kijiti, kwa kuzungusha kile kibanio cha mwisho. Trimu ya rimoti hakuigusa mpaka mwisho, na hata hapo aliigusa kidogo mno.

Umeme sasa, na hapa msiruke. Ile spidi kontrola ya mota, ESC, ndani yake ina kitu kinachoitwa BEC kinachopunguza volti za betri kuwa 5 ili kulisha risiva na sevo. Kwenye ESC nyingi za ampia 30 za bei yetu sisi, hio BEC ni ya aina ya kuunguza ziada, imeandikwa volti 5 ampia 2. Betri ya seli 3 ikijaa ni volti 12.6. Toa 5 zabaki 7.6, zidisha na ampia 2, ni kama wati 15 za moto ndani ya kitu kidogo kilichofungiwa kwenye tumbo la foamu, Mombasa, mchana. Na sevo ndogo ya dijitali ikikwama yaweza kuvuta karibu ampia nzima peke yake. Ziwe nne, zikabane pamoja kwenye upepo, ile BEC italala. Na BEC ikilala risiva inazimika na kuwaka tena, na huo muda inapowaka ndege iko juu haina mwenyewe. Watu wanasema "iliingiliwa na simu", "ni minara ya Nyali". Mara nyingi hakuna cha minara, ni volti zimeanguka.

Mzee akatia BEC ya nje, ile ya swichi isiyounguza, ya ampia 5, akaichomeka moja kwa moja kwenye betri. Alafu kwenye plagi ya ESC inayoingia risiva akainua kile kijisahani cha plastiki na sindano, akachomoa waya mwekundu tu, akauvika tepu akaukunja nyuma. Mweusi na ule wa ishara vikabaki. Hio ni muhimu sababu ukiacha BEC mbili zote zinalisha pamoja zitasukumana. Nilimuomba aiweke volti 6 sababu sevo zinakubali, akakataa, akaweka 5, ati volti 6 inaongeza kasi na nguvu lakini inazila gia na mota kabla ya wakati wake na ndege hii haihitaji. Hapa sikukubaliana naye na bado sikubaliani, ndege ni yangu na sevo ni zangu. Lakini nimeiacha 5 na sijaona pungufu, bas.

Nikamuuliza pia kuhusu kapasita, kile kiakiba kidogo cha umeme, ile watu huchomeka kwenye nafasi moja tupu ya risiva. Akasema inasaidia kwa mshtuko wa kufumba na kufumbua tu, kama BEC yenyewe ni dhaifu kapasita haitaiokoa. Sawa.

Kuna mteja mwengine alikuwa pale na sevo za Hitec za aina ya D, zile za kuprogramu, na mzee ana kile kiboksi DPC-11 kinachochomekwa kwenye kompyuta. Mimi zangu hazina cha kuprogramu ndani kwaio nilikuwa mtazamaji tu, lakini niliona utamu wake. Unaweza kuibadilisha sevo yenyewe ielekee upande gani, katikati yake iwe wapi, mwisho wake wapi, kasi yake, na hata ule upana mdogo wa katikati ambao sevo inaamua kutojali. Ukiubana sana upana huo sevo haitulii, inatafutatafuta na kulia, ukiulegeza inatulia lakini inakosa usahihi. Faida kubwa kwa yule jamaa ilikuwa flapu zake, vile vipande vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, sevo mbili kwenye waya mmoja wa mapacha, na kwa waya wa mapacha rimoti haiwezi kuzitenganisha, ukiirekebisha katikati ya kushoto na ya kulia inahama. Akazisawazisha ndani ya sevo zenyewe, zikashuka pamoja kama zimepigwa rula. Kwangu mimi alizitenganisha eleroni kwenye chaneli mbili akatumia miksi ya FS-i6 (rimoti yenyewe inaziendesha pamoja), kazi ikatoka vizuri vile vile ila imenila chaneli moja.

Msinunue sevo za kuprogramu kwa sababu nimesifu. Kwa ndege ya foamu ya kurandia ni pesa ya kutupa.

Jambo la feki. Mzee ana kijipima sevo chenye kuchagua mwendo, mara 50, 125, 250, 333 kwa sekunde, na sevo yoyote inayoletwa ya dijitali anaiangalia kwanza. Hio 333 usiijaribu nyumbani kwa sevo usiyoijua, ya analogi ikipewa mwendo huo yaweza kuungua. Yeye anaanza kwa vidole, anaiwasha, anausukuma mkono polepole, anasikiliza. Kuna kijana alikuja na mfuko wa sevo zilizoandikwa DIGITAL kwa herufi kubwa za dhahabu, alizonunua duka moja ambalo silitaji, mzee akaisukuma ya kwanza akamrudishia: stika ndo dijitali, ndani analogi. Roho iliniuma kwa niaba ya yule kijana. Mwengine alikuwa na sevo nzuri tu lakini ya mkia wa helikopta, aina ile ambayo katikati yake ni maikrosekunde 760 badala ya 1500. Hizo zinakuja kwa bei ya chini mitandaoni na watu wanazikimbilia, ukiitia kwenye risiva ya kawaida ya ndege inakimbilia pembeni na kuganda huko. Soma maandishi kabla ya kubonyeza nunua.

Hewa ya hapa nayo mzee ana maneno yake na nayakubali yote. Chumvi. Wale wa bara hawaijui hii. Plagi za sevo zikikaa wazi nyumba iliyo karibu na bahari zinafanya ukijani, na ukijani unaongeza ukinzani, na hapo umerudi kwenye shida ya volti. Ndani ya sevo nyingi kuna kile kipimo cha kuzunguka, potenshomita, nacho kikishika uchafu sevo inaanza kutetemeka mahali pamoja, kawaida katikati sababu ndo inapokaa muda mwingi. Ushauri wake ni ndege isilale sebuleni dirisha wazi, na plagi zipulizwe ile dawa ya kusafishia plagi za umeme mara moja moja, kidogo. Sevo za akiba zihifadhiwe kwenye kopo la kufunga pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu.

Sasa malalamiko.

Gundi. Mzee, kwa ufundi wote huo, ameshika sevo zangu kwa gundi ya moto, ile ya bastola. Najua ni ya haraka na sevo yatoka ukitaka kuibadilisha, lakini hii ni Mombasa, gari ikikaa juani vioo vimefungwa ndani hapakaliki, na gundi hio inalainika. Sevo ikisogea milimita moja kazi yote ile ya meno na nyuzi tisini imekwenda na maji. Nilimwambia, akasema yake haisogei. Ya usukani ilisogea. Nilizitoa zote nyumbani nikatengeneza vijifremu vya mbao nikazifunga kwa skrubu. Mkienda mwambieni mapema, ama mwende na fremu zenu.

Muda. Aliniambia jioni. Haikuwa jioni ile wala ya pili yake. Simu hashiki akiwa anafanya kazi, na yuwafanya kazi mchana kutwa, kwaio hesabu mwenyewe. Ijumaa ukienda kabla ya swala hutamkuta na baada ya swala ana wateja wa redio waliopanga foleni. Risiti hakuna, garantii ni neno lake. Na kibanda ni kidogo mno, bawa la mita 1.4 liligongana na feni ya watu mara tatu, pelekeni bawa likiwa limetenganishwa na mwili.

Kuruka kwenyewe sitasema mengi. Niliipeleka bara ya kaskazini, mbali na nyumba, asubuhi kabla ya upepo, na uwanja wa ndege wa Moi International uko pale Port Reitz kwaio upande huo hata kwa mzaha msirushe, na zile kanuni za KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya) za 2020 za vyombo visivyo na rubani kila mtu azisome mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani. Nilipima masafa ya rimoti nikiwa chini kwanza, nikazima rimoti kuona kama mota inakufa, ikafa, alikuwa ameiseti hivyo. Ikapaa. Trimu mbili za eleveta bas. Unaachilia stiki na inakaa ulipoiacha. Kusi liliamka tukiwa bado tuko, nikairusha tena makusudi, ikatikiswa kama kila ndege ya foamu inavyotikiswa lakini ikirudi inarudi pale pale, sikuikimbiza na trimu hata kidogo. Niliposhuka nikaigusa BEC, vuguvugu tu. Sevo baridi.

Bei alinitoza kwa sevo, shilingi 300 kila moja pamoja na kurekebisha vijiti, BEC ya nje mbali, M-Pesa anapokea. Kazi ya bawaba hakunihesabia. Mkienda chukueni rimoti yenyewe si ndege tupu, chukueni betri iliyojaa, mikono yote iliyokuja na sevo hata zile ncha msizozitaka, na skrubu zake ndogo sababu yeye hana akiba ya hizo na atakutuma ukazitafute Marikiti nzima huzipati. Helikopta hatengenezi, mwenyewe kasema, macho hayaruhusu tena vile vidude. Ndege kubwa za petroli pia anakataa. Kijana wake wa pembeni atakwambia yeye anaweza, lakini mimi nimemuona akitia sevo bila kuweka rimoti sifuri, kwaio subiri mzee.